Namna ya Kutatua Ugomvi Kati ya Msimamizi na Wachezaji katika Mchezo wa Uhusika

Katika michezo ya uhusika inayochezwa mezani, mtu mmoja husimamia hadithi na wengine, mara nyingi watatu hadi watano, kila mmoja hubeba mhusika wake. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, uliandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Wawili hao walitoka katika michezo ya kupiganisha majeshi ya vinyago, ambamo mwamuzi alisimama kati ya pande mbili bila kuwa na jeshi lake. Msimamizi wa leo amerithi kiti cha mwamuzi huyo, lakini ameongezewa kazi: husimulia, huwachezesha maadui, kisha huamua kama pigo la adui huyohuyo limempata mhusika wa mchezaji. Ni refa aliyevaa jezi ya timu mojawapo. Nimekalia kiti hicho kwa miaka kadhaa, na ugomvi mwingi nilioushuhudia umezaliwa hapo. Mifano ya kanuni nitakayoitoa ni ya toleo la tano la mchezo huo, lililotoka mwaka 2014.

Hatua ya kwanza: Tambua ugomvi unahusu nini

Sauti zikipanda, simamisha hadithi na ujiulize swali moja: je, tunabishania kanuni, tunabishania kilichotokea ndani ya hadithi, au tuna tatizo baina yetu sisi watu tuliokaa hapa? Dalili zaweza kukupotosha. Mchezaji anayebishia kila hesabu huenda amekasirika kwa kuwa hajapata zamu ya kusema kwa saa nzima, na hata ukimsomea ukurasa wa kanuni hutakuwa umemjibu.

Hatua ya pili: Kanuni ziamuliwe haraka, zikaguliwe baadaye

Mpe mchezaji nafasi ya kueleza hoja yake kwa dakika mbili, toa uamuzi wa muda, uandike pembeni, kisha mwendelee. Kitabu kitafunguliwa baada ya kikao, na mkikuta ulikosea, utangaze kosa hilo mbele ya wote mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Ninaacha utaratibu huu katika jambo moja tu, nalo ni pale uhai wa mhusika unapotegemea jibu. Hapo tunasoma palepale, hata ikichukua robo saa.

Mabishano mengi ya aina hii yanazuilika kabla dadu haijarushwa. Tangaza mapema kiwango cha ugumu, yaani namba ambayo dadu, ikijumlishwa na nyongeza ya ustadi wa mhusika, lazima iifikie ili tendo lifanikiwe. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 anayekabili kiwango cha 15 anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani ana nafasi ya asilimia 55. Kiwango kikiwa 20, nafasi hiyo inashuka hadi asilimia 30. Mchezaji aliyejua hivyo kabla ya kurusha hukubali kushindwa kwa urahisi kuliko yule anayetajiwa namba baada ya dadu kutulia, kwa sababu huyu wa pili ana haki ya kushuku kwamba namba imetungwa sasa hivi.

Kisha kuna ile 20 yenyewe. Wachezaji wengi huamini kwamba dadu ikionyesha 20 kila ombi limekubaliwa, kumbe kanuni hizo za 2014 zinaihesabu kuwa ushindi wa moja kwa moja katika mashambulizi, wala si katika majaribio ya kawaida ya uwezo kama vile kushawishi. Mchezaji akitaka mfalme amvulie taji lake, na wewe unajua kwamba jambo hilo haliwezekani, usimruhusu arushe dadu. Ukimruhusu umemwahidi kitu.

Hatua ya tatu: Linganisheni picha

Mchezaji anatangaza kwamba mhusika wake anaruka kutoka ukutani. Wewe unajua kwamba ukuta una futi 60. Yeye aliufikiria kama ukuta wa ua wa nyumba. Kwa kanuni, kuanguka futi 60 ni dadu sita za pande sita, wastani wa pointi 21 za madhara, na mchawi wa ngazi ya kwanza mara nyingi hana hata pointi 10 za uhai. Ukimwacha aruke, atakushutumu kwa kumuua, na atakuwa na haki, kwa maana mhusika wake aliyesimama pale juu angeuona urefu huo kwa macho yake. Kwa hiyo, kila tendo la ajabu likitangazwa, uliza: “Unakusudia kupata nini, na unaonaje mahali ulipo?” Majibu yakitofautiana na picha yako, eleza upya na umruhusu abadili uamuzi.

Hatua ya nne: Tatizo la watu lizungumzwe na watu

Hapa ndipo nilipokosea vibaya. Mchezaji mmoja alikuwa akichelewa na kukatiza maelezo yangu, nami badala ya kumweleza nikawatuma wapiga mishale wa msituni wamwandame mhusika wake. Katika kikao cha tatu, dada aliyekaa kando yake alisema kwa utulivu kwamba ameihesabu mishale: kumi na mmoja, na tisa kati yake imemwendea mtu mmoja. Sikuwa na jibu.

Adhabu ya ndani ya mchezo haimfundishi mtu kosa lake, kwa kuwa hajui kama anaadhibiwa au ana bahati mbaya tu. Mfuate faragha, si kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wenzake, utaje tukio bila kuhukumu tabia, kisha uulize: “Kaka, vikao viwili vilivyopita umefika tukiwa tumeshaanza, nami nimelazimika kurudia maelezo. Kuna jambo kwenye ratiba, au kwenye mchezo wenyewe, linalokukwaza?” Yule wa kwangu alijibu kwamba mapambano yalimchosha na alikuja kwa ajili ya mazungumzo ya wahusika.

Hatua ya tano: Wekeni mipaka kabla ya hadithi kuanza

Kikao cha kwanza kiwe cha makubaliano: mada zipi haziguswi kabisa, na nini kinatokea mhusika mmoja akitaka kumwibia mwenzake. Kuhusu hili la mwisho, mezani kwangu anayetendewa ndiye anayeamua matokeo, na kanuni hiyo imeua kabisa ule utetezi wa “mhusika wangu ndivyo alivyo”. Kwa mada nzito, weka mezani kadi yenye alama ya X, mbinu iliyobuniwa na John Stavropoulos. Anayeigusa anaondoa jambo lililo mbele yenu, na halazimiki kueleza sababu.

Hatua ya sita: Mkishindwana

Mchezaji akilazimika kuondoka, mwambie mwenyewe kwa mdomo kabla ya kikao kijacho. Mhusika wake usimuue akiwa hayupo: mpe barua kutoka nyumbani na jahazi linalong’oa nanga alfajiri, wenzake wamsindikize hadi bandarini. Karatasi ya mhusika, ile iliyoandikwa uwezo na vitu vyake, ni mali ya mchezaji, hivyo mrudishie.