Mikono na Mlalo wa Mwili Chini ya Maji

Mzamiaji anayepunga mikono chini ya maji huambiwa aitulize, nao ni ushauri sahihi usiomfikisha mbali, kwa kuwa mikono hiyo mara nyingi hufanya kazi iliyopaswa kufanywa na risasi (vipande vya metali vya kumzamisha), mtungi wa hewa na mapafu. Kwa sababu hiyo tutaanza na uzito, ndipo tuifikie mikono. Aliyekwisha kupata mafunzo ya msingi afanye mazoezi haya pamoja na mwenzake, katika maji tulivu yenye kina cha mita 4 hadi 6 na sakafu ya mchanga.

Hatua ya kwanza: pima risasi. Kipimo hiki hufanywa mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa umebakiwa na takriban baa 50 za shinikizo la hewa, kwani hewa nayo ina uzito: mtungi wa aluminiamu wa lita 11 uliojazwa hadi baa 200 hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Ukiwa juu ya maji, toa hewa yote katika jaketi la kuelea, tuliza mapezi ya miguuni na uvute pumzi ya kawaida. Maji yanapaswa kukufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Ukizama mara moja, punguza risasi, kwa maana risasi ya ziada hukulazimisha kujaza hewa katika jaketi, hewa hiyo ikakuinua kifua huku mkanda wa risasi ukikuvuta kiuno, na miguu ikabaki inaning'inia.

Hatua ya pili: tulia uone mwili unaelekea wapi. Shuka, lala kifudifudi, kunja magoti karibu nyuzi 90 na uweke mikono chini ya kifua. Tazama mbele, si chini, maana kichwa kikiinama mgongo hujipinda na nyonga hufuata. Endelea kupumua bila kuzuia pumzi, na mwenzako akutazame kutoka ubavuni. Baada ya nusu dakika itajulikana kama ni miguu au kichwa kinachoshuka.

Hatua ya tatu: ipe mikono mahali pake. Ipeleke mbele, viwiko vikiwa vimelegea, viganja vikikaribiana chini kidogo ya usawa wa macho, mabega yasikazwe. Mikono ikienda mbele, uzito wake huenda nayo, hivyo kichwa hushuka na miguu hupanda. Ikirudi ubavuni, hali hugeuka. Kwa hiyo anayeshuka miguu ainyooshe zaidi, naye anayeshuka kichwa avirudishe viwiko nyuma kwa shubiri moja hivi, kisha angoje aone. Wako wanaopendelea kuikunja kifuani, na kweli maji huwapinga kidogo zaidi wanaoinyoosha. Hata hivyo nashauri mbele, kwa sababu hapo kompyuta ya mbizi iliyofungwa mkononi husomeka bila kugeuza kiungo chochote, na mwenzako huziona ishara zako mapema.

Hatua ya nne: mikono isipotosha, hamisha vifaa. Kwa miguu inayoshuka, sogeza mtungi juu kwa sentimita chache, ukihakikisha kisogo hakigusi vali, au hamisha kilo 1 kutoka kiunoni hadi kwenye ukanda wa juu wa mtungi. Risasi inayobaki kiunoni itoshe kutupwa wakati wa dharura. Badilisha jambo moja tu kila mara. Mtungi wa aluminiamu huinuka upande wa kitako hewa inapopungua, basi rudia jaribio ukiwa karibu kumaliza hewa uliyopangia.

Hatua ya tano: anza kusogea. Piga mapezi kama chura, teleza, piga tena, na ugeuke kwa mapezi. Viganja vikishindwa kutulia, vishikane vidole kwa wepesi, tayari kuviachia wakati wowote. Kisha fanya jaribio katika kituo cha usalama, yaani pale unaposimama kabla ya kutoka majini, mita 5 kwa dakika 3, ukilinda kina kwa pumzi peke yake. Mikono ikikutoka, angalia inasukuma wapi: ikisukuma maji chini, jaketi lina hewa kidogo mno, ikiyasukuma juu, hewa imezidi au risasi haitoshi, na ukipunga mkono mmoja tu, kagua kama risasi imelalia upande mmoja au mtungi umelegea katika ukanda wake.