Jinsi ya kupima mapigo ya moyo uliopandikizwa ukiwa nyumbani

Mimi ni muuguzi wa moyo hapa Kisumu. Waliopandikizwa moyo ng'ambo ni wachache huku kwetu, lakini wakirudi huniuliza jambo lile lile: mbona nimekaa tu na moyo unapiga 98?

Moyo unapotolewa kwenye mwili wa mfadhili, yaani mtu ambaye moyo wake umepewa wewe, neva zake hukatwa. Mojawapo ni neva ya vagasi, ambayo kazi yake ni breki. Breki ikiondoka, moyo hupiga kwa mwendo wake wenyewe, mara nyingi kati ya 90 na 110 kwa dakika. Wengine huotesha neva upya kidogo baada ya miaka, na mapigo hushuka. Kwa hiyo usijilinganishe na jirani.

Hatua ya 1. Tafuta daftari na saa yenye mshale wa sekunde. Mashine ya kubana kidoleni nayo inafaa, ila hina, rangi ya kucha na vidole vya baridi huidanganya.

Hatua ya 2. Pima asubuhi kabla ya chai. Kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini. Kama umetoka kuchota maji au kupanda ngazi, dakika tano hazitoshi. Ngoja nusu saa hivi. Bila neva, moyo wako hungoja adrenalini iliyo kwenye damu, ndiyo maana huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. (Kwa sababu hiyo hiyo, ukienda matembezi anza polepole, na ukikaribia kumaliza punguza mwendo taratibu, usiache kutembea ghafla.)

Hatua ya 3. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba kupimia, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Yakirukaruka, andika hivyo.

Hatua ya 4. Kando ya namba weka tarehe, presha, uzito na joto la mwili. Ongeza chochote kilichobadilika: dawa mpya, kukesha matangani, au kulala Eldoret, ambako mwinuko pekee unaweza kupandisha mapigo.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi hukosea. Tafiti kadhaa zimewafuatilia waliopandikizwa kwa miaka na kukuta kwamba wenye mapigo ya juu wakiwa wamepumzika, kwa jumla, hawakuishi muda mrefu kama wenye mapigo ya chini. Namba inayohesabiwa kuwa ya juu hutofautiana kati ya utafiti na utafiti, mara nyingi ni 90 au juu yake kidogo. Lakini haijathibitishwa kwamba kasi yenyewe ndiyo inayoua. Huenda inaashiria mwili unaoukataa moyo, damu pungufu, au mishipa ya moyo inayoziba taratibu.

Basi usikimbilie duka la dawa kununua cha kupunguza mapigo. Bita-bloka, dawa za presha na moyo, huzuia ile adrenalini moyo wako unayoitegemea, na unaweza kuchoka hata kwa kutembea. Diltiazemu, nayo ya presha na moyo, hupandisha kwenye damu takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo, na figo ndizo huumia. Ivabradini, dawa nyingine ya kupunguza mapigo, hutumiwa na baadhi ya madaktari wa upandikizaji, nao ndio wa kuamua. Wewe wapelekee daftari: msururu wa wiki nyingi huwaambia mengi kuliko namba moja ya kliniki, siku uliyofika umetikiswa na boda.

Hatua ya 6. Mapigo yakipanda pamoja na homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Huku kando ya ziwa hilo si la kungoja, na kinga yako imekandamizwa kwa dawa. Kabla ya kumeza chochote, hakikisha anayekutibu anajua dawa zako: klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hupandisha takrolimasi, rifampisini ya TB huishusha.

Hatua ya 7. Ukurasa wa kwanza andika kwa herufi kubwa: MOYO ULIOPANDIKIZWA. ATROPINI HAITEGEMEWI KUPANDISHA MAPIGO. ADENOSINI: DOZI NDOGO TU. Hizo ni dawa za dharura: atropini hutolewa mapigo yakiwa ya chini mno, adenosini yakikimbia ghafla. Mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa kama wewe.

Hatua ya 8. Nenda hospitali siku hiyo hiyo mapigo yakipanda kupita kawaida yako na yasishuke, hasa ukiwa na pumzi fupi, miguu iliyovimba au uzito ulioongezeka ghafla. Pia yakishuka chini ya 60 ukapata kizunguzungu. Usingoje kifua kiume. Neva zilizokatwa ndizo zilizokuwa zikipeleka maumivu, na moyo uliopandikizwa unaweza kukosa damu kimya kimya.