Humusi ya kotmiri na nanaa, jikoni Tanga

Humusi, rojo zito la dengu na ufuta la kuchovya mkate, ni chakula cha watu wa Sham: Lebanoni, Syria, Palestina na majirani zao. Lakini karibu kila kinachoingia ndani yake tunacho. Dengu (zile Waingereza wanazoita chickpeas) zinalimwa Kanda ya Ziwa, ufuta unatoka Lindi na Mtwara, ndimu hazikosekani, na kotmiri inateremka na magari ya Lushoto. Sioni kwa nini mtu wa Tanga anunue kikopo cha kutoka nje kwa bei inayouma.

Wepesi wake uko kwenye maandalizi. Mimi huchemsha dengu nyingi Jumapili, nikazigawa kwenye vifuko na kuziweka friza. Wageni wakisema wanapita baada ya Magharibi, kazi iliyobaki ni ndogo.

Dengu ndizo wengi wanazoziharakisha. Chukua zile nyeupe kubwa ukizipata; ndogo za kahawia zinafaa pia, ila ganda lake gumu. Roweka kikombe 1 usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya na robo kijiko cha chai cha magadi soda, kisha chemsha. Magadi hulainisha ganda. Povu likipanda, liengue. Sasa sikiliza: dengu iliyoiva ya kula kwa nazi, kwa humusi bado. Itoe moja, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Isagike yote iwe uji, isibaki chenga. Ikibaki, rudisha kifuniko. Zikiwa tayari zisuuze, toa maganda yanayoelea, mengine yaache. Utapata kama vikombe 2 na nusu.

Ufuta, nusu kikombe. Huu wa kupimiwa sokoni una mchanga, kwa hiyo uoshe na kuuanika kwanza. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, mwiko usitulie. Utazisikia mbegu zinaanza kurukaruka na jikoni kunanukia kama kashata. Hapo hapo epua umwage kwenye sinia, maana kikaango kinaendelea kuunguza, na ufuta ulioungua una uchungu usiofichwa na ndimu yoyote. Usage na vijiko 3 vya mafuta ya alizeti mpaka ulainike. Blenda ndogo ya viungo inausaga vizuri kuliko ile ya juisi. Umeme ukikatika, kinu kipo; utatoka jasho, lakini ladha yake naipenda zaidi.

Majani ndiyo roho ya humusi hii: kotmiri fungu moja, nanaa nusu yake. Nenda Mgandini mapema. Fungu lililonyunyiziwa maji kutwa linapendeza nje huku katikati limeshakuwa jeusi, hivyo mwombe muuzaji alegeze kamba utazame. Yaoshe, yakung'ute, yakaushe kwa kitambaa, kwa sababu yakiingia na maji humusi inakuwa nyepesi na kuchacha upesi. Kotmiri katakata pamoja na vikonyo vyake laini. Nanaa chuma majani tu, vikonyo vyake vina nyuzi.

Twanga punje 2 za saumu na chumvi, kamulia ndimu 2, acha dakika 5. Ndimu inaukata ukali wa saumu mbichi. Weka kwenye blenda pamoja na ufuta na vijiko 3 vya maji ya barafu, saga. Mchanganyiko utakaza kwanza, usiogope. Endelea, utalainika na kuwa mweupe. Ndipo utie dengu zikiwa na uvuguvugu (za friza zimwagie maji ya moto kwanza, uzichuje) na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya kukaanga. Saga dakika 3 nzima. Ikiwa nzito, ongeza maji ya barafu kidogo kidogo.

Majani yaingie mwisho kabisa. Zungusha mara mbili tatu, basi. Unataka uone vipande vya kijani. Ukiyasaga sana yanapoteza harufu na rangi inafubaa. Onja. Mara nyingi inadai chumvi kidogo au nusu ndimu tena.

Wapo wanaoweka tui la nazi badala ya ufuta. Tui ni tamu, lakini hicho ni chakula kingine.

Kuila, mkate wa mofa ndio nauona unaifaa kuliko chapati. Mihogo ya kukaanga nayo inaipenda, na changu wa kukaanga mwenye ndimu sitaji hata. Joto la Tanga tunalijua, kwa hiyo isikae mezani zaidi ya saa 2. Kwenye friji, ndani ya bakuli lenye kifuniko na mafuta kidogo juu, inakaa siku 3. Ukitaka ya kugandisha, igandishe bila majani, ukatie mabichi siku ya kuila.