Maharage ya wiki nzima kwa moto mmoja

Wenzangu mnaolipa mkopo wa nyumba, gesi ikiwamaliza, jaribuni hili. Maharage nanunua soko la Tandale, kilo 3 kwa mpigo. Ijumaa usiku naloweka kilo 1, maji yapite juu ya maharage kwa vidole vinne, maana yanavimba kwelikweli. Kwa joto letu la Dar usiyaache mpaka mchana, yatachacha. Alfajiri namwaga yale maji, naweka mapya, nachemsha kwa moto mkali dakika 15, nazima. Hapo ndipo penye siri: sufuria na mfuniko wake naizungushia blanketi zito, naitia kwenye kapu la ukindu. Saa 4 asubuhi nikifunua, mvuke bado unanipiga usoni, na punje ukiibonyeza inapondeka. Zikiwa ngumu, narudisha motoni kidogo. Nyanya na ndimu zisubiri yaive, uchachu huyafanya yagome kulainika.

Nagawa kwenye vikopo, nagandisha. Jioni ni kitunguu na tui tu.

Kinachookolewa kwenye gesi kipelekeni kwenye mkopo, hata kama ni kidogo. Ila waandikieni benki kwamba pesa hiyo ni ya kupunguza deni lenyewe, si rejesho la mwezi ujao. Riba ikihesabiwa kwenye salio, shilingi inayotangulia leo inapunguza riba ya miezi yote iliyobaki. Ulizeni kwanza kama kuna tozo ya kulipa mapema.