Jinsi ya kujenga ghala dogo la data la mauzo kwa depo za Lubumbashi hadi Kolwezi

Tuchukue muuzaji wa jumla mwenye depo 4: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Anauza unga wa mahindi, sukari, mafuta ya kupikia na saruji. Programu ya mauzo anayo, fakitire (ankara za mauzo) zinatoka kila siku, lakini patroni, yaani mwenye biashara, akiuliza kama saruji ya Kolwezi inaleta faida au inakula mtaji, kila mtu anafungua Excel yake na kutoa jibu lake. Ghala dogo la data ni hifadhidata ya pembeni iliyopangwa kwa maswali ya idara moja tu, hapa mauzo. Haichukui nafasi ya programu ya mauzo wala ya vitabu vya mhasibu.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya majedwali

Kaa na anayeagiza bidhaa na anayeruhusu mikopo. Usiwaulize wanataka ripoti gani, maana watakutajia zile walizozoea. Uliza: "Namba hii ikishuka wiki ijayo, utafanya nini?" Asiyekuwa na jibu, namba yake isubiri. Malori mangapi yaagizwe kupitia Kasumbalesa, mteja gani asimamishiwe mkopo, bei ya bidhaa ipi ipande: maswali 5 hadi 8 ya namna hiyo yanatosha kuanza.

Hatua ya 2: Amua mstari mmoja ni nini

Katika jedwali kuu, liite `mauzo`, mstari mmoja uwe bidhaa moja ndani ya fakitire moja. Usihifadhi jumla ya siku, hata kama ripoti zote za sasa ni za siku. Mistari hutoa jumla wakati wowote, lakini jumla ikishahifadhiwa peke yake huwezi kuipasua tena ujue nani alinunua nini. Na ukubwa usikutishe. Depo 4, kila moja fakitire 300 kwa siku zenye mistari 4, ni mistari 4,800. Kwa siku 26 za kazi ni 124,800 kwa mwezi, karibu milioni 1.5 kwa mwaka. PostgreSQL, programu ya bure ya hifadhidata, kwenye kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inabeba miaka kadhaa ya mzigo huo.

Mtego uko kwenye gharama zilizoandikwa mara moja kwa fakitire nzima. Fakitire ina mistari 4 na usafiri wa franka 20,000. Ukiiunganisha na mistari yake bila kugawa, usafiri unajirudia kila mstari na ripoti inaonyesha 80,000. Usafiri ugawe kwa uzito, punguzo la bei ligawe kwa thamani, na senti zinazobaki baada ya kukadiria zitie kwenye mstari wa mwisho ili jumla irudi 20,000 kamili.

Matabisi, yaani nyongeza ya bure, nayo ni mstari. Mteja aliyenunua mifuko 50 akaongezewa 1, mfuko ule uandikwe peke yake: idadi 1, bei 0, gharama yake halisi. Ukiuacha nje, stoki inapungua bila maelezo na faida inaonekana nono kuliko ilivyo. Bidhaa iliyorudishwa inapata mstari mpya wenye idadi hasi, tarehe ya kurudishwa na namba ya fakitire ya kwanza. Usifute mstari wa zamani, la sivyo mwezi ambao mhasibu ameshaufunga utabadilika nyuma yake.

Hatua ya 3: Fedha mbili

Hapa ndipo kazi nyingi za huku kwetu zinapoharibika, kwa hiyo usiharakishe. Bei imepangwa kwa dola, mteja analipa franka, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) inatangazwa kwa franka. Kila mstari ubebe fedha ya fakitire, kiasi cha asili, kiasi kwa franka, kiasi kwa dola, na kiwango kilichotumika siku ile. Ubadilishaji ufanyike mara moja tu, wakati wa kupakia. Ripoti isiruhusiwe kukokotoa upya.

Sababu ni hii. Mifuko 12 ya unga kwa franka 44,000 ni franka 528,000. Tuseme siku ya kuuza dola 1 ilikuwa franka 2,800: mauzo ni dola 188.57. Miezi baadaye kiwango ni 2,300, na ripoti inayogawa kwa kiwango cha leo inaonyesha dola 229.57. Dola 41 zimezaliwa bila mfuko hata mmoja kutoka depo, na mtu anaweza kuagiza lori kwa sababu yake.

Kiwango kipi? Benki Kuu ya Kongo hutangaza chake, na depo ina chake kaunta. Hifadhi vyote katika jedwali la viwango lenye tarehe, saa, chanzo, depo na kiwango. Saa ni ya lazima kama depo hubadilisha kiwango mchana. Faida ipimwe kwa kiwango cha depo, kwa kuwa ndicho kilichoingiza pesa kwenye sanduku. Cha Benki Kuu kitumike kulinganisha na hesabu rasmi. Viwango na kiasi chote cha pesa vihifadhiwe kwa aina ya `numeric`, inayoshika namba kamili ya desimali. Aina ya `real`, inayokadiria, inapoteza senti kidogo kidogo hadi jumla zinakataa kulingana.

TVA ya asilimia 16 ikae safu yake, nje ya mapato. Ichukue kwenye fakitire yenyewe. Ukigawa jumla kwa 1.16 utakosea kwa kila bidhaa iliyosamehewa kodi.

Kuhusu gharama: bei ya ununuzi peke yake haisemi kitu. Ongeza usafiri na forodha hadi mlango wa depo. Bili ya forodha mara nyingi huja bidhaa zikiwa zimeshauzwa, kwa hiyo weka gharama ya makadirio pamoja na safu ya kuonyesha kwamba ni makadirio, kisha irekebishe bili ikifika.

Hatua ya 4: Vipimo

Chagua kipimo kimoja cha msingi kwa kila bidhaa: kilo kwa unga na sukari, lita kwa mafuta, mfuko kwa saruji. Weka idadi kama ilivyouzwa na idadi kwa kipimo cha msingi. Mfuko wa kilo 25 na wa kilo 50 ni bidhaa mbili, hata kama kaunta wanaziita jina moja.

Hatua ya 5: Majedwali ya maelezo

Yazunguke jedwali kuu kama nyota: tarehe, bidhaa, mteja, depo, mwuzaji. La tarehe liwe na sikukuu za nchi, mfano 4 Januari na 30 Juni, ili kushuka kwa mauzo siku hizo kusishtue mtu.

La mteja ndilo gumu. Kwanza ondoa waliojirudia: linganisha tarakimu 9 za mwisho za simu, kwa kuwa mmoja kaandikwa kwa 0 na mwingine kwa +243. Kisha tenganisha marekebisho na mabadiliko. Jina la mtaa "Rwashi" likisahihishwa kuwa "Ruashi" ni marekebisho, andika juu yake. Mteja akihamishwa kwa mwuzaji mwingine tarehe 1 Machi ni mabadiliko: funga mstari wake wa zamani siku iliyotangulia, fungua mpya wenye ufunguo (namba ya utambulisho) mpya, na kila mstari wa mauzo ushike ufunguo uliokuwa hai siku ya kuuza. Bila hivyo, mauzo ya Februari yatamhamia mwuzaji mpya, na kamisheni italeta ugomvi wa haki kabisa. Mikoa nayo ni hivyo hivyo: Likasi na Kolwezi zote zilikuwa mkoa wa Katanga, na tangu 2015 moja iko Haut-Katanga, nyingine Lualaba.

Hatua ya 6: Stoki na malipo vikae mbali

Malipo yawe jedwali lake, kwa sababu mteja mmoja hulipa fakitire kadhaa kwa mkupuo, nusu dola nusu franka. Stoki irekodiwe kila jioni kwa bidhaa na depo. Unaweza kuijumlisha kwa depo, lakini si kwa siku: mifuko 400 Jumatatu na 400 Jumanne si 800. Kwa wiki au mwezi, chukua ya siku ya mwisho.

Hatua ya 7: Kupakia usiku

Umeme utakatika, na mtandao wa depo moja utakosekana. Pakia upya siku 10 za mwisho kila usiku, ndani ya muamala mmoja (hatua zote zifanikiwe pamoja au isifanyike hata moja), kwa depo ambazo data yake imefika tu. Depo hizo ziorodheshe katika `depo_zilizofika`, na mistari iliyotoka kwao isubiri katika `mauzo_mapya`:

```
BEGIN;
DELETE FROM mauzo m USING depo_zilizofika d
 WHERE m.depo = d.depo AND m.tarehe >= CURRENT_DATE - 10;
INSERT INTO mauzo
 SELECT n.* FROM mauzo_mapya n
 JOIN depo_zilizofika d ON n.depo = d.depo
 WHERE n.tarehe >= CURRENT_DATE - 10;
COMMIT;
```

Umeme ukikatika kabla ya `COMMIT`, data ya jana inabaki kama ilivyokuwa, nawe unarudia tu. Bila jedwali la `depo_zilizofika`, depo iliyokosa mtandao itafutiwa siku 10 zake zote.

Tarehe ya mauzo ihesabiwe kwa `AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi'`. Seva iliyowekwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa 1, hivyo kitu kilichouzwa saa 6 na nusu usiku kinaangukia siku iliyopita, na ikiwa ni tarehe 1 kinaangukia mwezi uliopita.

Hatua ya 8: Hakiki, ndipo ufungue

Chukua mwezi mmoja uliofungwa. Jumla ya franka kwa kila depo ilingane na kitabu cha mhasibu bila tofauti yoyote. Kwa dola vumilia senti chache za kukadiria. Kisha vuta fakitire 20 za karatasi, zikiwemo zenye matabisi, zilizorudishwa na zilizolipwa kwa fedha mbili, uzifuate mstari kwa mstari. Makosa makubwa mara nyingi yatajitokeza hapo.

Wasomaji wape akaunti isiyoweza kuandika, waunganishe Excel au Metabase (programu ya kuonyesha ripoti na chati). Juu ya kila ukurasa weka siku na saa ambayo data ya kila depo ilifika mwisho, na depo isiyofika ioneshwe tupu, isioneshwe 0. Patroni akiona 0 kwa Kolwezi anapunguza mzigo wa wiki ijayo. Akiona pako tupu anapiga simu.