Kupandia wanyama pori kandokando ya Lubumbashi: lenga mwezi wa nane

Wenye mashamba ya waya wanaofuga pala, pofu au kuro kandokando ya Lubumbashi wengi wanapanda ili shamba lipendeze mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza pori lote ni kijani, mnyama hana haja na kunde zako. Njaa yake iko mwezi wa saba na wa nane, nyasi zikiwa zimekauka au zimeungua, na miti ya miombo bado haijatoa majani mapya. Kabla ya kununua mbegu, uliza kama mmea huo utakuwa na jani wakati huo.

Mbaazi za muda mrefu zinalo. Mzizi wake unashuka chini sana, na mti unabaki kijani wakati majirani wake wamekauka. Panda mvua ikishakolea, mwisho wa mwezi wa kumi na moja: mita 1 kati ya mistari, nusu mita kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo. Kilo 6 zinatosha hekta. Fiwi, jamii ya maharage, zipande baadaye, mwisho wa mwezi wa kwanza, kwenye ukingo wa dembo, yaani bonde la nyasi linalotuama maji, ambako unyevu unakaa: kilo 20 kwa hekta, mistari ya sentimita 75, kina cha sentimita 3 hadi 4. Ukingo, si katikati. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba hushuka chini ya dembo usiku na kuunguza majani ya fiwi. Kunde huzaa na kukauka ndani ya miezi mitatu au minne. Zifae kanga, usizitegemee kwa kiangazi. Mtama nao una punje nzuri kwa ndege, lakini ukiwa mchanga, chini ya goti, au ukichipua upya baada ya kukatwa au kunyaukia jua, una sumu ya sianidi inayoua wanyama wacheuao. Fungia wanyama nje mpaka upite kiuno.

Mchanganyiko wa mbegu za klova na tanipu unaouzwa Marekani kwa ajili ya paa wa huko acha huko huko. Umetengenezwa kwa nchi za baridi.

Mahali pa kupanda pana uzito kuliko mbegu. Kata vipande virefu vyembamba, upana wa mita 20 hadi 30, vikifuata ukingo wa msitu. Nsya, yule paa mdogo wa vichakani, hatoki uwanjani mchana. Vichuguu vikubwa zunguka tu, usivunje trakta. Ila udongo wake una kalsiamu nyingi kuliko huu wetu mwekundu wenye asidi, kwa hiyo ule uliomomonyoka chini ya kichuguu usambaze shambani. Ukiona ua la shaba, ule mmea wa jamii ya mnanaa ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, umejiotea kwa wingi, usipande hapo kabla ya kupima udongo: huenda shaba ni nyingi. Vivyo hivyo kwa ardhi iliyo kaskazini-magharibi mwa bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba mjini, ambako upepo ulibeba moshi kuanzia 1911.

Sasa trakta. Itumie mwaka wa kwanza tu, kuvunja nyasi kongwe na kuchanganya chokaa ya kilimo, tani 1 hadi 2 kwa hekta. Haro ya diski inatosha. Plau inaleta juu udongo maskini wa chini. Kabla ya kuingia, finyanga udongo mkononi. Ukivingirika kama kamba, rudi nyumbani: ukilima hivyo utapata mabonge juu na tabaka gumu chini. Pita mara ya kwanza diski zikiwa zimefunguliwa kwa pembe kubwa, kina cha sentimita 8 hadi 10. Mara ya pili pita kwa kukatiza, pembe imepunguzwa, halafu buruta tairi tatu kuukuu zilizofungwa mnyororo. Ukikanyaga, kiatu kisizame zaidi ya sentimita 1. Kikizama, mbegu ndogo zitafukiwa zisitoke. Buruta tena gogo zito.

Mwaka wa pili weka diski kando. Fyeka mwezi wa kumi, acha nyasi zichipue hadi sentimita 15 au 20, kisha piga glifosati, dawa ya kuua nyasi, ya gramu 360 kwa lita, lita 4 kwa hekta. Dawa hii inakufa kwenye maji ya matope kwa sababu inanasa kwenye udongo. Maji ya mto mwekundu yanakuharibia kazi, tumia ya kisima. Pompa yako ipime kwanza kwa maji matupu: nyunyiza mita 10 kwa 10. Zikiisha lita 2, basi pompa ya lita 16 inafunika mita za mraba 800, na dawa yake ni mililita 320. Vaa glavu, na wanyama wasiingie mpaka majani yakauke kabisa.

Baada ya siku 10 panda bila kuchimbua. Hapa wengi wanakosea kitu kidogo: mbegu inaning'inia kwenye majani yaliyokufa, haigusi udongo, panya wanaila au inachipua hewani na kufa. Sogeza majani kwa mguu, toboa kwa jembe dogo, dondosha mbegu, funika, kandamiza kwa kisigino, rudisha majani. Weka mbolea ya NPK 10-20-10, kilo 100 kwa hekta, pembeni mwa shimo. Mikunde haihitaji urea.

Simika kizimba cha waya wa kuku, mita 1 kwa 1, katikati ya kila kipande. Ndani ya kizimba fiwi zikiwa ndefu na nje ni vijiti, wanyama ni wengi kuliko shamba: ongeza kipande, au funga mlango wiki sita za mwanzo. Ndani na nje zikiwa fupi sawa, tatizo ni udongo. Na mwezi wa tano, kabla majirani hawajaanza kuchoma, safisha njia ya moto yenye upana wa mita 8 kuzunguka kila kipande.