Kutengeneza na kutumia mashine ya mkono ya kufunga marobota ya hei

Njia rahisi kuliko zote ya kufunga hei ni boksi tupu: unajaza majani makavu, unaingia ndani na kuyakanyaga, kisha unafunga kamba. Inafaa kwa marobota machache. Tatizo ni kwamba mguu hubana pale tu ulipokanyaga, na ukihamia upande wa pili, pale ulipotoka panafura tena. Isitoshe, matope ya viatu huishia kwenye chakula cha mifugo. Ukiongeza ubao wa kushindilia na wenzo mrefu, eneo zima linabanwa kwa wakati mmoja na kubaki limebanwa wakati unafunga kamba.

Usiongeze ukubwa wa boksi kwa tamaa ya robota kubwa. Mtu anayeegemea wenzo kwa uzito wa kilo 60, wenzo ukizidisha nguvu hiyo mara 5.5, anatoa msukumo wa takriban kilo 330. Kwenye boksi la sentimita 40 kwa 50 msukumo huo unagawanyika kwenye sentimita za mraba 2,000. Boksi la 60 kwa 80 lina eneo la 4,800, hivyo mtu yuleyule atabana kwa chini ya nusu ya nguvu, na robota litatoka kubwa lakini legelege. Kwa vipimo vya hapa utapata robota la sentimita 40 × 50 × 70, lenye kilo 12 hadi 16 kutegemea aina ya nyasi na ukavu wake.

Vifaa

Mbao za inchi 2×4 zinahitajika kwa kitako, nguzo na wenzo. Za 2×2 kwa mikanda ya nje ya boksi. Na mbao za unene wa inchi moja au plaiwudi ya milimita 18 kwa kuta na mlango. Utahitaji pia kipande cha nondo laini ya milimita 20 chenye urefu wa sentimita 20 kwa ajili ya egemeo (pini ambayo wenzo unazungukia), bolti za milimita 12 pamoja na washa pana, bawaba tatu imara, mnyororo wa mita moja na ndoano yake, na nondo nyembamba ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 70 ambayo itakuwa sindano ya kamba. Kunja ncha yake moja iwe ndoano ndogo, na nyingine iwe mshikio.

Ubao wa wenzo uchague mwenyewe, usiletewe tu. Uwe mgumu, nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, na usiwe na kifundo karibu na mahali unapogusa kishindilio, maana hapo ndipo unapokatikia.

Kitako

Watu wengi hukosea hapa. Wenzo unatokeza mbele ya boksi zaidi ya mita moja, na mtu anapouegemea mashine nzima hutaka kupinduka kuelekea kwake. Kwa hiyo boriti mbili za chini ziwe na urefu wa mita 2, na sehemu kubwa ya urefu huo itokeze mbele, chini ya wenzo, si nyuma. Ziweke sambamba, upana wa nje kwa nje uwe sentimita 50. Chini yake pitisha mbao mbili za kukingama zenye sentimita 55, zimesimama kwa ubavu: moja nyuma kabisa zitakapokaa nguzo, nyingine kwenye ncha ya mbele. Kaza kwa bolti. Ile ya nyuma lazima ipite chini ya boriti, si juu, kwa sababu nguzo zitakuwa zinavutwa kwenda juu kila unapobana.

Boksi

Vipimo vya ndani: upana sentimita 40, kina kutoka mbele hadi nyuma sentimita 50, kimo sentimita 110. Sakafu itengenezwe kwa mbao tatu za upana wa sentimita 12 zinazolala kutoka mbele kwenda nyuma, zikiachana kwa sentimita 2. Nafasi hizo mbili ndizo mifereji ya kamba. Ukuta wa nyuma ujengwe vivyo hivyo, mbao tatu zilizosimama na mifereji miwili kati yake, na mifereji ya ukutani ikutane sawasawa na ile ya sakafuni. Mikanda ya 2×2 ipigwe kwa nje, ili kamba ipande ndani ya mfereji bila kuzuiliwa.

Kuta za pembeni ziwe nzima, na kila moja iwe na mikanda mitatu. Hei ikibanwa kwenda chini husukuma pia pembeni, na ubao usio na mkanda hufanya tumbo. Mlango unachukua upande wa mbele hadi kimo cha sentimita 90, na juu yake pakazwe ubao usiofunguka, ili mlango usigonge wenzo ulioshushwa; uwe na bawaba tatu upande mmoja na vyuma au mbao mbili za kukingama upande wa pili, moja sentimita 25 kutoka sakafuni na nyingine sentimita 65. Komeo la kawaida la dirisha halitoshi. Litapinda, au litabanwa na shinikizo la hei hadi lifunguliwe kwa nyundo. Acha upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango ili kamba zitokee nje.

Misumari yote ya ndani izamishwe, kisha kuta zipigwe randa na msasa. Ukuta wenye vijibanzi hukamata nyasi, na nguvu yako inaishia kwenye msuguano badala ya kubana.

Nguzo, wenzo na ubao wa kushindilia

Nguzo ni mbili, za 2×4, urefu sentimita 180. Ziweke katikati ya ukuta wa nyuma, kwa nje, zikiachana kiasi cha wenzo kupita kati yake bila kukwaruza. Usizitenge kwenye pembe mbili za boksi hata kama zinaonekana kupendeza zaidi hivyo: nondo ya milimita 20 ikining'inia kwenye nafasi ya sentimita 45 itapinda, lakini kwenye nafasi ya sentimita 5 au 6 haipindi. Kila nguzo ikazwe kwa bolti mbili kwenye ubao wa kukingama wa nyuma, na bolti nyingine kwenye mikanda ya boksi. Msumari hapa haufai, kwani hung'oka kidogo kidogo.

Toboa tundu la egemeo sentimita 140 juu ya sakafu ya boksi. Juu ya tundu zibaki angalau sentimita 15 za mbao, la sivyo nguzo itapasuka. Umbali kutoka egemeo hadi katikati ya boksi utakuwa karibu sentimita 38.

Wenzo uwe na sentimita 210 mbele ya egemeo na sentimita 40 nyuma yake. Kile kimkia cha nyuma kina kazi: kifunge kamba, ukiivuta chini wenzo unasimama, na ukiitundika kwenye ndoano chini ya nguzo wenzo hautakuangukia wakati wa kujaza. Ncha ya mbele nayo ipate kamba, kwa sababu mwanzoni mwa kubana itakuwa karibu mita tatu juu ya ardhi na huwezi kuifikia. Usiiweke mashine hii chini ya paa fupi.

Ubao wa kushindilia ni plaiwudi ya sentimita 38 kwa 48, ambayo chini yake pamepigwa vipande vitatu vya mbao vinavyoacha mifereji miwili iliyolingana na ile ya sakafuni. Juu yake simamisha mguu wa 2×4 uliokazwa kwa mihimili ya pembeni. Kutoka uso wa chini wa ubao hadi mahali wenzo unapogusa iwe sentimita 51. Kichwa cha mguu kiwe na masikio mawili yanayokumbatia wenzo usiteleze. Usiufunge kwenye wenzo: unapaswa kuuinua kwa mikono na kuuweka kando wakati wa kujaza.

Kwa vipimo hivi, wenzo ukikaribia kugusa ukingo wa juu wa boksi, ubao unakuwa sentimita 70 juu ya sakafu. Funga mnyororo kwenye ubao wa kukingama wa mbele, na weka alama kwenye pete inayolingana na kimo hicho. Pete hiyo ndiyo itakayofanya marobota yote yalingane.

Kabla ya kujaza: hei iko tayari?

Lengo ni unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Sokota shada la nyasi kwa mikono miwili. Zikivunjika kwa mlio baada ya mizunguko michache, ziko sawa, zikijipinda tu kama kamba, bado. Kwaruza bua kwa ukucha, hasa karibu na kifundo: ngozi ikichunika, ndani mna maji. Kipimo cha chumvi kinaaminika zaidi: katakata hei, ijaze nusu ya chupa kavu yenye mdomo mpana, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funika na utikise dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikana vidonge, rudisha hei juani.

Majani ya jamii ya kunde hupukutika yakikauka kupita kiasi. Hayo yafungwe asubuhi, mara tu umande unapoisha, kabla jua halijawa kali.

Kufunga robota

Kata kamba mbili za mita 3 kila moja. Mzunguko wa robota ni sentimita 240, zinazobaki ni za fundo. Laza kila kamba kwenye mfereji wake wa sakafuni. Ncha ya mbele itokee chini ya mlango, ya nyuma ipande kwenye mfereji wa ukuta na kuning'inia nje ya boksi juu. Zishikize kwenye misumari, kisha funga mlango.

Jaza kwa tabaka, ukianza na pembe nne na kumalizia katikati. Ukitupia hei katikati tu, itajilundika kama kichuguu, na robota litakuwa na kiini kigumu na pembe zinazomomonyoka mara tu linapoinuliwa. Nyasi ndefu zikunje ndani ya boksi, zisitokeze juu ya kuta. Boksi likijaa, weka ubao, shusha wenzo, shikilia kama sekunde kumi ili hewa itoke, inua, ongeza. Kwa kawaida ni mara tatu au nne.

Utajuaje imetosha? Wenzo ukifika kwenye pete bila kukugharimu nguvu, ongeza hei. Ukining'inia na uzito wako wote na bado haufiki, punguza. Inayofaa ni ile inayokubali kufika ukiweka karibu uzito wako wote. Wasiegemee watu wawili. Ubao wa 2×4 haukukusudiwa mzigo huo.

Tundika mnyororo, kisha fungua mlango ukiwa umesimama pembeni. Pitisha sindano kwenye mfereji wa ubao wa kushindilia kutoka mbele, nasa kamba iliyo ukutani, achia ncha yake juu, uivute hadi mbele. Ncha moja ifanye kitanzi kidogo, pitisha ncha ya pili ndani yake, vuta kuelekea chini hadi kamba izame kwenye hei, kisha funga mafundo mawili. Fundo lisilo na kitanzi hulegea kabla hujamaliza kulikaza.

Shika ncha ya wenzo kwa mikono yote miwili ndipo uutoe mnyororo, na uuache upande juu taratibu. Ukiuachia ghafla unaweza kumvunja mtu taya. Wala usiingize mkono kati ya ubao na ukingo wa boksi kabla mnyororo haujakaa sawa. Robota litatanuka sentimita chache na kuzikaza kamba; hilo ni la kawaida.

Yanayoharibika mara kwa mara

Robota likijipinda kama ndizi, aidha kamba moja imekazwa kuliko nyenzake au hei imejazwa upande mmoja. Ubao ukikwama boksini, umelalia upande: punguza kingo zake hadi uwe na nafasi ya sentimita moja kila upande, na hakikisha hei iko sawa juu kabla ya kuuweka. Kamba ya katani ikikatika kwenye fundo, angalia kama imewahi kunyeshewa, kwa kuwa inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ya plastiki haiozi, lakini kila kipande kihesabiwe wakati wa kulisha, kwani ng'ombe akiimeza haimeng'enyiki. Bolti za nguzo zikazwe upya baada ya marobota machache ya kwanza, maana mbao mpya hunywea.

Marobota mapya yasipangwe moja kwa moja kwenye udongo au kubanana na ukuta. Yaweke juu ya fito, acha njia ya hewa, na katika wiki tatu za kwanza chomeka nondo katikati ya rundo, uiache kwa dakika kadhaa, kisha uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, kuna marobota yaliyofungwa mabichi yanayochemka kwa ndani. Kwenye nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, tenganisha rundo na uyatoe nje. Likizidi 70 usilifumue peke yako. Hewa inayoingia ghafla inaweza kuwasha moto, hivyo waite wazima moto, au angalau uwe na maji mengi na watu karibu kabla ya kugusa robota la kwanza.